Majina 37 kwenye daftari: niliyojifunza nikikata tiketi za ndege Mbeya

Mwezi uliopita binti mmoja wa Iringa alinipigia simu. Anafungua ofisi ndogo ya kukata tiketi za ndege, na kuna shirika limemwambia akitanguliza floti, yaani salio la kukatia tiketi, la milioni kumi ataongezewa kamisheni. "Shikamoo mama. Naomba unishauri, niiweke yote?" Nikamuuliza hela ni ya nani. Akasema nusu yake, nusu ya kikoba. Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi, na wakati ule sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilimjibu kwa vipande kwa sababu dukani kulikuwa na wateja. Hapa nayaandika yote, kwa ajili yake na kwa yeyote anayeuza au kununua tiketi huku kwetu nyanda za juu kusini.

Nilianza mwaka 2013, miezi michache baada ya uwanja wa Songwe kufunguliwa mwishoni mwa 2012. Kabla ya hapo tulikuwa na kiwanja cha zamani pale mjini, cha ndege ndogo. Songwe uko kwenye barabara ya Tunduma, kilomita ishirini na ushee kutoka mjini, na njia yake ya kurukia ni ndefu, inapokea ndege za jeti. Kwa mtu wa Mbeya hilo lilikuwa jambo kubwa. Dar kwa basi ni zaidi ya kilomita 800: unaondoka alfajiri, Makambako, Mafinga, unateremka Kitonga ukiomba Mungu, unakatiza Mikumi, unafika usiku miguu imevimba. Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi.

Nilikuwa na meza moja ndani ya duka la vifaa vya shule Mwanjelwa, kompyuta moja na printa iliyokuwa ikimeza karatasi. Mwaka wa kwanza wateja wangu walikuwa watumishi wa serikali na watu wa miradi. Halafu mashirika yakaanza kugombea abiria, na bei zikashuka. Kulikuwa na wiki ambazo nauli ya kwenye tangazo ilikuwa chini ya nauli ya basi. Wakaja watu ambao sikuwahi kuwategemea: mama wa mchele kutoka Kyela, wafanyabiashara wa Tunduma wanaokwenda Kariakoo, vijana wanaowahi msiba. Bibi mmoja wa Tukuyu aliniuliza kama ataruhusiwa kuingia na mkungu wake wa ndizi. Niliufunga mimi mwenyewe kwa kamba na gunia, tukaupima kwenye mzani wa jirani muuza viazi, kilo kumi na nne. Aliporudi aliniletea zawadi ya kanga. Niliipenda sana ile kazi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, ila liliniharibia jina. Nilitangaza bei ya chini kabisa kwa kila aliyepita mlangoni. Sikuwa nimeelewa kwamba ndani ya ndege moja kuna ngazi nyingi za nauli. Viti vichache vya mwanzo vinauzwa kwa bei ya tangazo, vikiisha mfumo unapanda ngazi, na kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo unavyozidi kupanda. Juu ya hapo wakati ule kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 kwa safari za ndani, na tozo ya uwanja shilingi 10,000. Mtu anakuja na elfu hamsini mkononi kwa sababu mimi nilimwambia hivyo, anakuta inatakiwa mara tatu yake. Anaona nimemtapeli. Tangu hapo sitaji bei mpaka nimeingiza tarehe kwenye mfumo, na ninayoitaja ni jumla ya mwisho, kodi na tozo zikiwemo.

Kosa la pili ndilo lililonitoa machozi. Shirika moja lililokuwa na bei nzuri kuliko wenzake lilitupa mawakala masharti matamu: tanguliza salio kubwa, upate kamisheni ya ziada. Sitalitaja jina, halipo tena njia yetu na sina ugomvi na watu wake. Nikachukua mkopo wa milioni sita, nikaongeza akiba yangu, nikaweka milioni kumi na moja kwenye salio la shirika moja. Nikahamia fremu yangu mwenyewe. Nikaajiri msichana. Mume wangu aliuliza mara moja tu, "Wakisimama je?" Nikamjibu kwamba ndege inajaa kila siku, itasimamaje?

Jibu la swali hilo nililipata kwa mzee mmoja jirani yetu, mhasibu mstaafu, aliyekuwa akija kusoma magazeti kwenye benchi langu. Kwa bahati mbaya alinieleza nikiwa nimeshaingia ndani kabisa. Ilikuwa baada ya mwaka 2016, serikali ilipoanza kulifufua shirika la taifa, ATCL. Ndege mbili za Bombardier Q400 zilifika mwaka huo, kila moja ina viti 76. Mwaka 2018 ikaja Boeing 787 na Airbus A220 ya kwanza. Sisi mawakala tulishangilia, maana viti viliongezeka na bei zikaendelea kubanwa. Mzee akachukua risiti niliyoitupa, akaigeuza nyuma, akaandika kwa kalamu yangu.

"Chukua ndege ya viti 76," akasema. "Tuseme safari moja, mafuta, kukodi ndege, marubani, tozo za kutua, matengenezo, yote inakula milioni kumi na tano. Sasa umeuza viti hamsini kwa laki na themanini. Umepata ngapi?"

Nikapiga hesabu. Milioni tisa.

"Hizo sita nani analipa?"

Sikuwa na jibu. Akaandika mistari mitatu. Wa kwanza: wenye hisa, mpaka watakapochoka. Wa pili: abiria wa njia nyingine, anayelipa zaidi ili wewe ulipe kidogo. Wa tatu: Hazina, yaani mwalimu wa Rungwe ambaye hajawahi kupanda ndege. Akaninyooshea ile risiti, "Mwanangu, kila shirika unalouza tiketi zake, jiulize liko mstari upi. La mstari wa kwanza likichoka halikuambii."

Ile risiti ninayo mpaka leo, imefifia wino.

Nilichoelewa siku ile ni kwamba mashirika yaliyokuwa yakigombea abiria wangu hayakuwa yakicheza kwa mfuko wa aina moja. Shirika binafsi linakodi ndege kwa dola, linauza tiketi kwa shilingi, na likipata hasara miaka mitatu wenye mtaji wanaondoka. Shirika la taifa linapewa ndege zilizonunuliwa na serikali, wakati ule likizikodi kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na likipungukiwa bajeti ya nchi inaingia. Si siri. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka 2023/24 imeonyesha ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia, na hapo ilikuwa imeshapokea ruzuku ya bilioni 99.8. Sehemu ya hasara hiyo ilitokana na ndege kukaa chini kwa tatizo la injini za A220, ambalo limewasumbua wenye ndege hizo dunia nzima. Lakini shirika binafsi la ukubwa huo lingepata pigo kama hilo, lingefunga.

Sisemi kwamba ruzuku ndiyo iliyoliua shirika nililoweka hela zangu. Lilikuwa na matatizo yake ya ndani, na dalili zilikuwepo mbele ya macho yangu miezi minne kabla. Nazitaja hapa kwa sababu ndizo ningependa mtu angenionyesha. Ndege ya asubuhi na ya jioni zikawa zinaunganishwa kuwa moja, mara moja kwa wiki, kisha mara tatu. Ikiharibika ndege moja Dar, ratiba nzima ya nchi inavurugika, maana yake hakuna ndege ya akiba. Kamisheni iliyokuwa inaingia tarehe tano ikaingia tarehe ishirini, halafu ikarukwa. Namba ya huduma kwa wateja inaita bila kupokelewa. Na kubwa kuliko yote: likatoka tangazo la bei ya kutupa kwa safari za miezi sita mbele. Mimi niliona fursa, nikauza tiketi nyingi kuliko mwezi wowote. Kumbe shirika lenye njaa ya fedha ya leo huuza viti vya kesho kwa bei yoyote.

Siku lilipositisha safari nilifika dukani saa mbili kasoro, nikakuta watu sita mlangoni. Hakuna aliyefoka. Walikuwa wameshika karatasi nilizowachapia mimi, zenye muhuri wangu, na wote walitaka kusikia nikisema si kweli.

Nyuma yao alikuwa amekaa mama mmoja kijana kutoka Mbalizi, na mtoto wa miaka minne kwenye kanga. Mtoto alikuwa na miadi ya kipimo cha moyo Muhimbili, siku mbili mbele. Tiketi yake ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Nilifungua mfumo wa shirika lingine. Kiti kilichobaki kilikuwa mara tatu ya alichonilipa, maana abiria wote waliokwama walikuwa wamekimbilia huko na ngazi za nauli zilikuwa zimepanda hadi juu. Ndipo nilipoelewa kwa macho yangu faida ya kuwa na washindani wawili njia moja. Hakuna aliyekaa akapanga kutukomoa. Mashindano yalikuwa yameisha usiku ule, na asubuhi bei ilikuwa imeshajua.

Sikuwa na hela ya kiti kile. Salio langu lote lilikuwa limefungwa. Nilimkatia mama basi la alfajiri, viti viwili ili mtoto alale, nikampa elfu thelathini ya njiani. Alinishukuru. Shukrani ile iliniuma kuliko lawama zote nilizopata wiki hiyo. Aliwahi miadi, Mungu ni mwema, lakini mtoto mgonjwa wa moyo alikaa ndani ya basi tangu alfajiri hadi usiku kwa sababu mimi nilimhakikishia kitu nisichokuwa na uwezo wa kukihakikisha.

Nilifungua daftari la kaunta nikaandika majina. Walikuwa 37, wenye tiketi ambazo hazijatumika. Kisheria pengine wangepaswa kulidai shirika. Lakini Mwanjelwa hakuna anayelijua shirika, wananijua mimi. Niliuza jokofu na pikipiki ya mume wangu, tukarudi kwenye meza moja. Msichana wangu nilimlipa mwezi mmoja mbele, nikamwachia aende. Nilikuwa nikiamka saa tisa usiku kuhesabu majina. Deni la benki lilinichukua miaka miwili na nusu, na la abiria karibu miaka mitatu. Kwa shirika lenyewe niliandika barua, nikaenda Dar mara mbili, nikakaa kwenye korido pamoja na mawakala wa mikoa mingine. Katika milioni kumi na moja nilikuwa nimebakiza salio la milioni nne na laki saba. Nilirudishiwa laki tisa.

Laki tisa hizo nilizipata kwa sababu moja: nilikuwa na karatasi. Wenzangu kadhaa walikuwa na salio kubwa kuliko langu, ila mfumo ulipozimwa hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Mimi kila Ijumaa nilikuwa nachapa taarifa ya salio, tabia niliyofundishwa na yule mzee. Kama wewe ni wakala, chapa. Usitegemee kwamba utaingia kesho ukaikuta. Na salio lako kwa shirika lolote, liwe la serikali au binafsi, lisizidi mauzo ya wiki moja. Kamisheni ya ziada ni mkopo unaowapa wao, bila dhamana. Hela ya kikoba usiiguse kabisa. Nilimwambia hivyo binti wa Iringa, akaguna. Najua kwa nini aliguna, asilimia mbili ya nyongeza ni kodi ya fremu ya mwezi.

Kwa abiria nina machache. Ukiona bei ya kutupa ya safari ya mbali sana, nunua kama uko tayari hela hiyo ikipotea, na hela ya ada ya mtoto haimo humo. Safari ya kwenda na ya kurudi si lazima ziwe shirika moja. Mwenye miadi ya hospitali, usaili au kesi asipande ndege ya siku hiyohiyo: Songwe kuna asubuhi za ukungu ambapo rubani anazunguka juu na kurudi alikotoka, na kwa miaka mingi uwanja haukuwa na taa za kuongozea ndege usiku, kwa hiyo safari ya jioni ikichelewa kidogo ilikuwa imekufa. Safari ikifutwa, omba uthibitisho wa maandishi hapohapo kaunta, hata ujumbe wa simu. Dai kwanza kwa shirika, kwa maandishi, na usipojibiwa peleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, ambalo wateja wangu karibu wote hawakuwa wamewahi kulisikia.

Mwaka 2020, Korona iliposimamisha ndege, nilikaa dukani sina mteja hata mmoja kwa wiki. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nikaona nchi tajiri, zilizotuhubiria miaka yote kwamba soko lijiendeshe, zinamwaga fedha kwa mashirika yao. Ujerumani iliokoa Lufthansa kwa mpango wa euro bilioni 9. Marekani ililipa mishahara ya wafanyakazi wa ndege kwa mabilioni ya dola. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ruzuku ni ugonjwa wa Afrika. Kilichonishangaza ni masharti. Tume ya Ulaya iliitaka Lufthansa iachie baadhi ya nafasi zake za kuruka na kutua Frankfurt na Munich, ili washindani wapate pa kuingilia. Walimpa mgonjwa dawa, wakahakikisha haamki akiwa peke yake sokoni.

Na India nikakuta kitu ambacho nimekuwa nikikisema kwenye kila kikao cha wafanyabiashara ninachoalikwa. Wana mpango unaoitwa UDAN, ulioanza mwaka 2016. Mashirika yanapendekeza njia za miji midogo, yanashindana kwa zabuni, anayeomba ruzuku ndogo kuliko wenzake anapewa njia hiyo kwa miaka mitatu. Kwa kurudisha fadhila, sehemu ya viti inauzwa kwa bei yenye kikomo. Ilianza rupia 2,500 kwa safari ya saa moja. Hela inafuata kiti na mji, bila kujali ndege imechorwa nembo ya nani.

Sipingi shirika la taifa. Kuna majira ambapo Songwe ingebaki na mbuzi tu kwenye njia ya kurukia kama lisingekuwepo, na nimeuza tiketi zake nyingi kwa moyo mweupe. Ninachotaka ni kuona hesabu. Kama mwalimu wa Rungwe analipia kiti changu cha Dar, aambiwe ni shilingi ngapi, kwa njia ipi, kwa muda gani, na shirika binafsi lenye uwezo wa kufanya kazi hiyo kwa nusu ya hela liruhusiwe kuiomba. Ruzuku inapoingia kwa jumla, kwa shirika moja, hakuna anayejua kama imemnunulia mgonjwa wa Mbalizi kiti au imeziba hasara ya njia ya ng'ambo. Na mshindani anayetaka kuja Mbeya anapiga hesabu za mwenzake mwenye Hazina nyuma yake, anaahirisha. Tukibaki na mmoja, tutarudi kwenye ile asubuhi ya mara tatu.

Niliwahi kuyasema haya kikaoni, afisa mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, wewe una biashara yako, unataka mashirika mengi upate kamisheni." Ni kweli nina biashara. Pia nina daftari.

Daftari lenyewe liko kwenye droo, limezungushiwa rababendi. Majina 34 yamekatwa kwa wino mwekundu, kila moja na tarehe na sahihi ya aliyepokea. Matatu bado. Simu zao hazipatikani, mmoja nilisikia alihamia Sumbawanga. Hela zao ziko kwenye bahasha tatu, jumla laki tano na elfu ishirini. Kama ulikata tiketi ya ndege kwa mama wa Mwanjelwa, duka lililokuwa ndani ya stationari, na hukusafiri, njoo na kitambulisho chako au ile karatasi yenye muhuri wangu. Nipo Jumatatu hadi Jumamosi, mpaka saa kumi na mbili jioni.